Chupa ya Maji Haitaiokoa Ngozi Yako Angani

Mama anayepanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda kumwona bintiye Minnesota hatumiwi tiketi peke yake. Hutumiwa pia maagizo, na siku hizi huja kwa sauti kwenye WhatsApp: "Mama, humo ndani kunywa maji kila saa. Chai usikubali, kahawa usikubali, zinakausha. Ile spirei niliyokutumia jipulizie usoni. La sivyo utashuka umepauka kama uliyelala jikoni." Mama anajibu, "Haya mwanangu, nimesikia." Kisha anakaa kiti cha dirishani kwa saa kama 15, kutoka Nairobi hadi New York, akimeza maji kama alivyoagizwa. Kibofu kinajaa, naye anabana miguu kwa kuwa anaona haya kuwaamsha vijana wawili waliolala kati yake na njia. Anaposhuka, ngozi imepauka vilevile.

Wosia huo binti hakuutunga. Ameusoma kwenye majarida ya urembo, ameuona kwenye video za wasichana wanaojirekodi vitini wakiwa wamevaa maski za karatasi, na muuza vipodozi naye ameukazia. Kote huko hoja ni moja: ndege inakausha mwili, mwili ukikauka na ngozi hukauka, basi umwagilie mwili. Hoja hii ina sura ya busara, ndiyo maana haijaulizwa ushahidi wake. Ikiulizwa, inaanguka. Ngozi ndani ya ndege hukauka kwa sababu maji yaliyomo kwenye tabaka lake la juu yanatorokea hewani, na dawa ya hilo hupakwa, hainywewi.

Ianze hewa yenyewe. Ndege ya safari ndefu huruka kilomita 10 hadi 12 juu ya ardhi, na huko nje baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Hewa ya baridi namna hiyo haibebi mvuke wa maana. Huvutwa, hugandamizwa, husawazishwa joto hadi iwe ya kukalika, huchanganywa na ile iliyokwisha pita chumbani na kuchujwa, kisha abiria wanapuliziwa. Joto limeongezwa, maji hayakuongezwa. Ndiyo sababu unyevu wa hewa ndani ya ndege kwa kawaida huwa chini ya asilimia 20, na safari ikirefuka unaweza kukaribia asilimia 10. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa amezoea hewa ya asilimia 70 au 80, ile inayofanya chumvi ishikane ndani ya kopo. Anatolewa humo na kufungiwa usiku mzima ndani ya ukavu wa jangwani.

Hata huo unyevu mdogo uliomo unatoka kwa abiria wenyewe, kwenye pumzi na ngozi zao. Ndiyo maana daraja la mbele, lenye viti vichache na nafasi tele, huwa na hewa kavu kuliko nyuma walikobanana watu: wanaopumua ni wachache. Aliyelipa zaidi na kupewa kipochi cha krimu ndogondogo ndiye aliyekalishwa penye ukavu zaidi. Waundaji wa ndege wangeweza kuongeza maji hewani, lakini maji ni mzigo, na mvuke ukigusa bodi ya baridi hugeuka matone yanayoila aluminiamu. Boeing 787, ambazo Kenya Airways na Air Tanzania wanazirusha, zimeundwa kwa nyuzi za kaboni zisizoliwa na maji kiasi hicho, kwa hiyo hewa yake huweza kuachiwa unyevu kidogo zaidi. Bado ni kavu.

Sasa ngozi. Tabaka lake la juu kabisa ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa zikapandana, na katikati yake pamejaa mafuta ya asili ya mwili. Maji hupanda kutoka chini, hupenya tabaka hilo polepole, na kuishia hewani, mchana na usiku, hata kwa mtu aliyelala asiyetoka jasho. Hewa ikiwa na unyevu, safari hiyo ni ya taratibu. Hewa ikikauka, maji huondoka juu haraka kuliko yanavyoletwa kutoka chini, seli za juu husinyaa, kingo zake huinuka, na mwanga ukizipiga kingo hizo hutawanyika. Huko ndiko kupauka. Kwenye ngozi nyeusi huonekana upesi, kama mtu aliyepitia kwenye ghala la unga, na si kwa sababu ngozi nyeusi imeumia kuliko nyingine. Weupe huo unaonekana tu vizuri zaidi juu ya weusi.

Waliokulia nyumba zenye mtungi wa maji wanalijua jambo hili bila kufundishwa. Mtungi wa udongo unatoka jasho. Upepo wa kaskazi ukivuma, ubavu wake hukauka ukawa mweupe, na ndani maji bado yamefika shingoni. Hakuna mtu aliyewahi kuzuia ubavu wa mtungi usikauke kwa kuongeza kata moja ya maji ndani.

Na maji yanayopotea ni kiasi gani hasa? Wataalamu wa tiba ya anga wamefanya hesabu. Kwa safari ya saa 8 katika hewa kavu sana, maji ya ziada yanayomtoka mtu, juu ya yale ambayo angepoteza akiwa nyumbani, ni kama mililita 100. Hiyo haijazi hata nusu ya glasi ya kawaida. Mwili wa mtu mzima una makumi ya lita za maji, na figo zake zinajua kubana matumizi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake kwa wasafiri, limeeleza kwamba unyevu mdogo wa ndani ya ndege unaweza kusumbua macho, mdomo na pua, na limependekeza krimu kwa ajili ya ngozi. Likaongeza kwamba hakuna ushahidi kuwa hewa hiyo inaukausha mwili kwa ndani, na kwamba hakuna haja ya mtu kunywa maji kuliko kawaida yake. Mwongozo huo haujafichwa popote. Haukupata wa kuusambaza, kwa kuwa hauuzi kitu.

Imani ya maji mengi ina mizizi mirefu zaidi ya ndege. Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Marekani iliandika kwamba mtu mzima anahitaji kiasi cha lita mbili na nusu za maji kwa siku. Maneno yaliyofuata yalisema sehemu kubwa ya maji hayo tayari imo ndani ya chakula. Watu wakaibeba sentensi ya kwanza na kuyaacha yaliyofuata. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo wa chuo cha tiba cha Dartmouth, alipekua maandiko ya kisayansi akitafuta msingi wa ile amri ya glasi nane kwa siku, na hakuupata. Mtu aliyekula ugali kwa mchuzi wa samaki, akashushia na chungwa, ameshakunywa maji mengi pasipo kugusa glasi.

Chai nayo imeonewa. Kumnyima mama wa pwani chai ya tangawizi kwa saa 15 ni adhabu, na ni adhabu isiyo na kosa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham waliwachukua wanaume 50 waliozoea kahawa, wakawanywesha vikombe vinne kwa siku, siku tatu mfululizo, kisha wakawalinganisha na siku ambazo watu haohao walikunywa maji kwa kiasi hichohicho. Vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha tofauti ya maana. Maji yaliyomo kwenye kikombe yanabaki kuwa maji. Pombe ni habari nyingine: hiyo humwagisha mkojo kweli, na anayeiogopa ana haki.

Mtu atauliza, maji yana ubaya gani? Akinywa na yasimsaidie, si yatakuwa yamepita tu? Jibu liko palepale kwenye kiti cha dirishani. Kwa kijana wa miaka 25, kunywa kupita haja ni kero ya kwenda msalani mara tano. Kwa mama wa miaka 70 mwenye magoti mabovu, ni kupita juu ya miguu ya watu gizani, kusubiri foleni huku ndege inatikisika, na kuingia kijichumba ambamo hawezi kugeuka akiwa na khanga mbili. Wengi hujizuia na kukaa na maumivu. Tena yuko mgonjwa wa moyo au wa figo ambaye daktari wake amempimia maji ya siku kwa kikombe, kwa sababu mwili wake hauwezi kuyatoa. Binti aliye mbali, kwa mapenzi yake yote, anamwagiza avunje amri ya daktari kwa ajili ya ngozi ambayo haitafaidika. Ushauri wa urembo unapofika kwa mtu wa namna hiyo, ni wajibu wa anayeutoa kuhakikisha ni wa kweli.

Kiu ikija, anywe. Koo hukauka ndani ya ndege, na funda la maji hulilainisha vizuri. Aliyetoka kuharisha au kutapika kabla ya safari anahitaji maji, kama ambavyo angeyahitaji akiwa kitandani kwake. Zaidi ya hapo, chupa ya tatu na ya nne ni za bure.

Dawa yenyewe iko nyumbani kwa karibu kila msomaji, ndani ya kopo la plastiki, pengine nyuma ya kioo au chini ya kitanda. Ni mafuta ya mgando.

Yalitoka visimani. Mwaka 1859 kijana mwanakemia, Robert Chesebrough, alifika Titusville, Pennsylvania, kulikoanza kuchimbwa mafuta, akawakuta wachimbaji wakilaani uchafu mzito kama nta uliokuwa ukiganda kwenye vyuma vya mashine. Uchafu huo waliulaani, na wakijikata au kuungua, huo huo waliupaka jeraha. Chesebrough akauchukua, akausafisha hadi ukawa mweupe usio na harufu, na mwaka 1872 akapata hataza yake kwa jina la Vaseline. Yeye aliamini mafuta yenyewe yanaponya. Kazi yao kweli ni kufunika: hayaongezi hata tone la maji kwenye ngozi, ila yanaziba njia maji yanakotorokea. Hadi leo ni vigumu kupata kitu cha kupaka kinachozuia maji yasitoke ngozini kuliko hayo. Mwaka 1992 watafiti wa San Francisco walionyesha pia kwamba hayakai juu tu kama mfuko wa nailoni. Yanajipenyeza katikati ya seli za tabaka la juu, na chini yake ngozi inaendelea kujitengeneza.

Kenya ina ushahidi wake wa mtaani. Mafuta ya mgando ya Arimis yalitengenezwa kwa ajili ya chuchu za ng'ombe, ili mkamuaji asizichane asubuhi ya baridi. Wakamuaji wakaona mikono yao wenyewe inalainika, na kopo likahama kutoka zizini hadi chumbani. Vizazi vizima vimelelewa nalo.

Kila aliyesoma shule ya msingi Afrika Mashariki anaukumbuka mkono huo. Alfajiri, sare imepigwa pasi, mama anachota kidole kimoja cha mafuta, anayasugua viganjani mpaka yapate moto, kisha anashika uso wa mtoto kwa mikono miwili na kuuvuta kutoka pua hadi masikioni. Yanayobaki yanamaliziwa kwenye magoti na visigino. Mtoto anatoka nje anang'aa kama embe lililofutwa. Hakuna mtaalamu wa ngozi mwenye la kusahihisha hapo: maji ya kuoga bado hayajakauka, na kizuizi kimewekwa juu yake. Lakini mtoto huyo alipokua na kwenda mjini, akaambiwa kung'aa ni ushamba. Akanunua losheni nyepesi inayonywewa na ngozi mara moja, isiyoacha alama kwenye shati, na akaanza kupauka ifikapo saa nne asubuhi. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kuvuja kwa ngozi ni nafuu ya anayeuza chupa ya pili.

Wapo wanaoogopa. Wanasema mafuta haya ni petroli, yana sumu, yataleta saratani. Mafuta machafu ya kisimani yana kemikali zinazoweza kuleta saratani, hilo ni kweli, na ndiyo maana husafishwa. Yaliyosafishwa kwa kiwango cha dawa ndiyo yanayopakwa watoto wachanga na majeraha hospitalini. Cha kuogopa ni lile kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora, linalouzwa kwa bei ya kutupa.

Wengine wanalalamikia chunusi, na hao wana hoja. Mwaka 1970 madaktari wa Marekani walieleza aina ya chunusi waliyoiona kwa wanaume weusi, kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele, iliyotokana na pomedi nzito za nywele. Mwenye ngozi ya kutoa chunusi asijipake mafuta mazito kwenye paji. Apake krimu ya kawaida isiyo na harufu usoni, na mafuta ya mgando ayaweke kwenye midomo, mikono, viwiko na miguu. Hakuna sheria inayosema mwili mzima upakwe kitu kimoja.

Halafu kuna wapenzi wa vya asili, na kwao jina linalotajwa kwanza ni mafuta ya zeituni. Yana heshima ya dini, yana heshima ya dawa, na chupa yake hupokewa kama zawadi. Lakini mwaka 2013 watafiti nchini Uingereza walichapisha matokeo ya kuwapaka watu wachache wa kujitolea mafuta ya zeituni mikononi kwa wiki kadhaa. Tabaka la juu la ngozi lilidhoofika, hata kwa waliokuwa hawana ugonjwa wowote wa ngozi, na baadhi wakapata wekundu. Mafuta ya alizeti, yaliyojaribiwa katika utafiti huohuo, hayakuleta madhara hayo. Utafiti ulikuwa mdogo, na haumharamishii mtu zeituni kwenye saladi yake. Hata hivyo unatosha kumfanya mwenye pumu ya ngozi asiyachague mafuta hayo kwa safari ya usiku mzima. Mafuta ya nazi yana rekodi bora: mwaka 2004 huko Ufilipino yalilinganishwa na mafuta ya madini kwa wagonjwa wenye ngozi kavu, na yote mawili yakaleta nafuu karibu sawa. Anayeyapenda ya nazi, ya Pemba au ya Kilifi, aende nayo bila wasiwasi. Ila akumbuke kuwa ni mepesi, yatataka kurudiwa.

Spirei ya uso haihitaji maneno mengi. Ni maji. Yanapopuliziwa kwenye ngozi ndani ya hewa kavu, yanakauka kwa dakika chache, na uso unarudi ulikokuwa. Gliserini peke yake, ambayo dada zetu wengi huichanganya na maji ya waridi, kazi yake ni kuvuta maji; palipo na hewa yenye unyevu huyavuta kutoka hewani, na palipokauka huyatafuta kutoka chini ya ngozi. Ikipakwa, ifunikwe na mafuta juu yake. Maski ya karatasi nayo ni hivyohivyo: inalowesha kwa dakika 20, ikivuliwa bila kupakwa kitu, uso unaachwa wazi.

Yanayoumiza zaidi ni yale yanayofanywa siku mbili kabla ya safari. Safari ya Ulaya au Marekani huonekana kama harusi, kwa hiyo watu hujitengeneza kama maharusi. Wanasingwa kwa singo la kukwangua, wanasuguliwa miguu kwa wembe, wanafanyiwa fesho ya kemikali inayomenya uso. Kila kimoja kinaondoa sehemu ya tabaka lile jembamba, siku mbili kabla ya kulipeleka penye ukavu mkali. Singo na liwa ni mila nzuri ya pwani, na bibi harusi aliyefanyiwa hukaa ndani siku saba, kwenye hewa ya bahari, hapelekwi uwanja wa ndege usiku uleule. Anayetaka kusingwa kabla ya safari, afanye wiki nzima kabla.

Na mkorogo wa kujichubua. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni, lakini mchanganyiko unaendelea kuuzwa vichochoroni, mara nyingi ukiwa na steroidi kali ambazo daktari angezitoa kwa siku chache tu. Steroidi hizo zikitumiwa miezi na miaka hulainisha ngozi kwa kuipunguza unene. Mwenye ngozi hiyo akikaa saa 10 ndani ya ndege, uso humwaka, hujikuna, na midomo hupasuka pembeni. Hulaumu ndege. Hununua krimu nyingine ya kutuliza, yenye steroidi ileile. Watu hawa hawahitaji kuchekwa wala kusemwa. Wanahitaji kuonana na daktari wa ngozi, kwa kuwa kuacha steroidi ghafla nako kuna mateso yake.

Neno moja kuhusu jua, kwa sababu siku hizi kila orodha ya safari ina losheni ya kukinga jua. Mwaka 2014 watafiti wa California walipima mionzi ya urujuanimno kwenye chumba cha rubani, wakakuta kioo cha mbele kinazuia aina ya B lakini kinapitisha kiasi kikubwa cha aina ya A. Hiyo ni habari nzito kwa marubani. Abiria anakaa nyuma ya dirisha dogo la plastiki lenye pazia, na safari nyingi ndefu kutoka kwetu huondoka usiku. Kumpaka mtu losheni ya jua saa sita usiku juu ya Sahara ni kumuuzia mwavuli pangoni. Mwenye ualbino anayesafiri mchana ashushe pazia la dirisha, na losheni yake aiweke karibu kwa ajili ya kushuka. Kwake losheni hiyo ni uhai. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimefanya kazi kubwa ya kutengeneza losheni ya jua kwa ajili ya Watanzania wenye ualbino, na hapo ndipo fedha za losheni ya jua zinapofanya kazi yake.

Linabaki suala la saa. Wengi hukumbuka mafuta pale ngozi inapoanza kuvuta, katikati ya safari. Wamechelewa. Watafiti waliopima nyuso za wanawake wakiwa safarini, matokeo yakatoka mwaka 2012, waliona unyevu wa juu ya ngozi ukishuka kwa kasi katika saa za mwanzo, na krimu iliyopakwa ikauzuia usishuke. Baadhi yao walitoka kituo kilichokuwa kikifadhiliwa na kampuni ya Chanel, ambayo inauza krimu. Msomaji ana haki ya kulijua hilo. Matokeo yao hata hivyo yanakubaliana na kinachojulikana kuhusu ngozi, na hakuna popote panapolazimu krimu hiyo iwe ya Chanel.

Kwa hiyo mtu aoge nyumbani kwa sabuni isiyo kali, ajifute kwa kujigusagusa, na kabla ngozi haijakauka kabisa ajipake. Ndani ya ndege kazi iliyobaki ni ndogo: midomo kila baada ya saa chache, na mikono kila anaponawa, kwa sababu sabuni ya msalani na vitakasa mikono vya spiriti navyo huikausha ngozi. Puani asijaze mafuta. Wengi hufanya hivyo tangu utotoni, lakini mafuta yanayovutwa mara kwa mara yanaweza kufika kwenye mapafu na kuyadhuru. Matone ya maji ya chumvi ya dukani yanatosha. Akishuka Minnesota mwezi Januari, asidhani safari imekwisha. Nyumba inayopashwa moto wakati nje kuna theluji ina ukavu unaokaribiana na wa ndege, na hiyo itakuwa hewa yake hadi Aprili.

Kopo la kusafiri nalo lina sheria yake. Tangu mwaka 2006, baada ya njama ya milipuko iliyogunduliwa London, mizigo ya mkononi hairuhusiwi chombo cha kimiminika au jeli kinachozidi mililita 100 katika viwanja vingi vya ndege. Mafuta ya mgando yanahesabiwa humo, na kinachopimwa ni ukubwa wa kopo, hata likibaki robo. Kopo kubwa la familia litatupwa kwenye pipa la ukaguzi mbele ya macho ya mwenyewe.

Binti aliyeko Minnesota basi arekodi upya. Amwambie mama anywe akisikia kiu, chai aikubali, na spirei aiache nyumbani. Amwombee kiti cha pembeni mwa njia mapema, wakati wa kukata tiketi. Na amkumbushe kutia mkobani kopo dogo la mililita 50 la yale mafuta ambayo mama mwenyewe alikuwa akimpaka kila alfajiri kabla ya shule.